Kabla ya Mjusi wa Tendaguru: Wanyama wa Bonde la Ruhuhu

 

Nikitaja dinosaria, mpenzi msikilizaji, fikra zako zinakwenda wapi? Kwa wengi tuliosoma Tanzania zinakimbilia Tendaguru, mkoani Lindi. Tunamkumbuka yule mjusi mkubwa ambaye Wajerumani walimchimbua kati ya mwaka 1909 na 1913, wakamsafirisha hadi Berlin. Mifupa yake imesimamishwa kule katika jumba la makumbusho, na kimo chake kinapita mita 13. Tumemsoma darasani, na hoja ya kumrudisha nyumbani imefika mpaka bungeni.

Leo lakini hatuendi Tendaguru. Mjusi yule aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, na wakati huo dinosaria walikwisha kuitawala nchi kavu. Walikuwa wakubwa, walikuwa wengi, walikuwa wamezoea enzi. Mimi nataka tuulize swali linalotangulia: walianzaje? Kabla hawajawa wakubwa walikuwa wadogo kiasi gani? Waliishi na nani? Nani alikuwa akiwawinda?

Majibu ya maswali hayo, kwa sehemu kubwa, yanatoka kusini mwa Tanzania, katika bonde la mto Ruhuhu. Wakazi wa Ludewa, Songea, Mbinga na Nyasa mnaufahamu vizuri mto huu. Unateremka kuelekea magharibi na kumwaga maji yake katika Ziwa Nyasa, jirani na Manda. Wengine mnalijua bonde hilo kwa sababu ya makaa ya mawe. Na ni makaa hayohayo yaliyowafanya wanajiolojia waipime miamba ya eneo hilo miaka ya 1930, wakakuta mifupa ndani yake. Juu ya tabaka za makaa iko miamba mingine, michanga zaidi kwa umri, ambayo wataalamu wameipa jina la Manda. Mazungumzo yetu ya leo yanatoka kwenye miamba hiyo.

Nitasema mambo matatu. Kwanza, dunia ilikuwaje wakati ule. Pili, ni wanyama gani walioishi pale. Tatu, tumeyajuaje haya, na sisi wenyewe yanatuhusu vipi.

Tuanze na la kwanza: dunia ilikuwaje?

Wanasayansi wengi huikadiria miamba ya Manda kuwa na umri wa miaka milioni 240 hivi. Wako wanaodhani ni michanga kidogo kuliko hapo, na mjadala huo unaendelea. Tuchukue hiyo milioni 240. Ukipima muda uliopita kati ya wanyama wa Ruhuhu na mjusi wa Tendaguru, utaona ni mrefu kuliko muda uliopita kati ya mjusi wa Tendaguru na siku dinosaria walipotoweka, miaka milioni 66 iliyopita. Maana yake ni kwamba mjusi wa Tendaguru, ambaye sisi tunamwona wa kale kupindukia, kwa wanyama wa Ruhuhu ni kitukuu aliyekuja baadaye sana.

Wakati huo Afrika haikuwa imejitenga. Mabara yote yalikuwa yameungana yakafanya nchi moja kubwa mno. Mnyama mwenye miguu na subira angeweza kutoka Ruhuhu na kizazi chake kikafika mahali ambapo leo ni Brazili au Argentina, bila kuvuka bahari. Ziwa Nyasa halikuwapo. Bonde la Ufa halikuwapo. Palikuwa na mito iliyofurika na kuacha mchanga na tope kwenye tambarare. Nyasi kama tunazofyeka leo hazikuwapo, wala ua hata moja, wala ndege. Kijani kilichoonekana kilikuwa cha mimea ya jamii ya kangaga na misonobari ya kale.

Kuna jambo jingine kubwa ambalo lazima tulielewe. Miaka milioni 252 iliyopita, yaani kabla kidogo ya wanyama wetu hawa, uhai wa dunia ulipata pigo ambalo halijawahi kutokea jingine kama hilo. Volkano za Siberia zililipuka kwa muda mrefu sana. Hewa ikajaa gesi, joto likapanda, bahari zikakosa oksijeni. Viumbe wengi mno wa baharini wakafa, na nchi kavu pia ikapoteza wanyama wake wengi. Bonde la Ruhuhu limehifadhi pande zote mbili za tukio hilo. Chini, katika miamba ya kabla ya maafa, unakuta mifupa ya wanyama wengine kabisa, wakiwamo wawindaji wenye meno marefu ambao ni ndugu wa mbali wa ukoo wetu sisi mamalia. Panda juu, ufike kwenye miamba ya Manda: wawindaji wale hawapo tena. Nafasi zao zimeshikwa na reptilia wa aina mpya.

Hilo ndilo la kulishika, wasikilizaji. Dinosaria hawakuikuta dunia ikiwa na nafasi wazi kwa ajili yao peke yao. Walizaliwa katika dunia iliyokuwa ikijijenga upya, na koo nyingi zilikuwa zikigombea nafasi kwa wakati mmoja.

Sasa tuingie katika jambo la pili: ni wanyama gani hao?

Wa kwanza kumtaja ni mla majani aliyekuwa na mwili mnene, miguu mifupi yenye nguvu, na mdomo mgumu usio na meno ya kutafunia. Baadhi yao walikuwa na meno mawili marefu yaliyotoka kwenye taya la juu. Wataalamu huwaita disinodonti. Hawa walinusurika maafa ya Siberia, wakaongezeka tena. Kando yao alikuwapo reptilia mwingine mla majani, mwenye kichwa kipana na mdomo uliopinda kuelekea chini, aitwaye Stenaulorhynchus.

Tena walikuwapo wanyama wadogo wa jamii ya sinodonti. Tafadhali tuwatazame kwa makini, maana hawa wanatuhusu. Mmoja wao, Scalenodon, alikuwa na meno mapana nyuma ya mdomo, ya juu yakikutana na ya chini ili kusaga chakula. Reptilia wengi humeza tu. Kusaga chakula vizuri kabla ya kukimeza ni tabia ya ukoo wetu, ukoo wa mamalia. Kwa hiyo katika bonde hilohilo moja, wakati mmoja, walitembea jamaa wa dinosaria na jamaa wa mababu zetu.

Nani alikuwa akiwinda? Hapo ndipo wengi hushangaa, kwa sababu hawakuwa dinosaria. Wawindaji wakuu wa Ruhuhu walikuwa wa ukoo wa mamba. Usimfikirie mamba wa leo anayejilaza ukingoni mwa maji. Hawa walitembea nchi kavu. Mmoja wao ni Mandasuchus, aliyepewa jina la Manda. Mwingine ni Stagonosuchus. Yupo pia Nundasuchus songeaensis, aliyetangazwa mwaka 2014, ambaye jina lake limebeba yule nunda wa hadithi zetu za kale pamoja na mji wa Songea. Alikuwa na urefu wa karibu mita tatu, meno bapa yenye kingo za msumeno, na mabamba ya mfupa yaliyojipanga mgongoni. Miguu yake ilikaa chini ya mwili, haikutanuka pembeni kama ya mjusi.

Na jamaa wa dinosaria walikuwa wapi? Walikuwapo, lakini walikuwa wadogo. Tuwatazame watatu.

Wa kwanza ni Teleocrater. Alikuwa na shingo ndefu na mkia mrefu, akitembea kwa miguu minne, na alikula nyama. Urefu wake ulikuwa kati ya mita mbili na tatu, na sehemu kubwa ya urefu huo ni shingo na mkia. Yeye ni wa upande wa dinosaria na ndege, lakini alitoka mapema sana katika upande huo.

Wa pili ni Asilisaurus kongwe, aliyetangazwa mwaka 2010 na kupewa jina kutokana na Kiswahili chetu. Kimo chake nyongani hakikufika mita moja. Chukua taya lake la chini ulitazame karibu. Mbele kabisa, kwenye ncha, hakuna meno: pamechongoka pakawa mdomo mgumu. Nyuma yake yanafuata meno madogo yanayofaa kukata mimea. Wataalamu walitegemea kwamba jamaa wa karibu wa dinosaria angekuwa mla nyama wa kukimbia kwa miguu miwili. Huyu alitembea kwa minne, na chakula chake kilikuwa na majani.

Wa tatu ni Nyasasaurus parringtoni, aliyetangazwa rasmi mwaka 2013. Mifupa yake iliyopatikana ni michache: mfupa wa mkono wa juu na pingili kadhaa za uti wa mgongo. Hata hivyo michache hiyo imesema mengi. Kwenye mfupa wa mkono kuna ukingo uliojitokeza ambapo misuli ya bega na kifua ilishika. Kwa wanyama wengi wa wakati ule ukingo huo ni mfupi. Kwa Nyasasaurus umeenea zaidi ya asilimia 30 ya urefu wa mfupa mzima, kama ilivyo kwa dinosaria. Kisha watafiti walikata kipande chembamba sana cha mfupa huo, kiasi cha kupitisha mwanga, wakakiweka chini ya hadubini. Waliona nyuzi za mfupa zilizojisuka bila mpangilio, na katikati yake vijia vingi vya mishipa ya damu. Mfupa wa namna hiyo ni wa mnyama aliyekua haraka. Na kukua haraka ni mojawapo ya mambo yaliyokuja kuwapa dinosaria nguvu baadaye.

Je, Nyasasaurus alikuwa dinosaria? Waliomtangaza walisema kwa uangalifu: ama yeye ni dinosaria wa kale kuliko wote waliojulikana, ama ni ndugu wa karibu mno wa dinosaria. Dinosaria ambao hakuna anayewabishia, wale wa Argentina na Brazili, pamoja na Mbiresaurus wa Zimbabwe aliyetangazwa mwaka 2022, wana umri wa miaka milioni 230 na ushei. Nyasasaurus anawatangulia kwa miaka milioni 10 hivi, au zaidi.

Pengine unajiuliza: kama hatuna hakika kwamba Nyasasaurus ni dinosaria, tunawezaje kusema dinosaria walikwisha kuanza wakati huo? Swali zuri. Nitalijibu kwa mfano wa ukoo. Tuseme baba mmoja alizaa watoto wawili, kila mmoja akaanzisha mlango wake. Ukikuta mtu wa mlango wa mtoto mmoja, unajua papo hapo kwamba milango imekwisha kugawanyika, na kwamba mlango wa pili nao upo, hata kama hujakutana na mtu wake. Asilisaurus ni mtu wa mlango wa jirani. Ukimkuta yeye Ruhuhu, ujue mlango wa dinosaria nao ulikuwa umefunguliwa.

Narudia, kwa faida ya aliyejiunga nasi sasa hivi. Katika bonde la Ruhuhu, miaka milioni 240 hivi iliyopita, wakubwa walikuwa ni wa ukoo wa mamba na wale walao majani wenye mwili mnene. Jamaa wa dinosaria walikuwapo, wadogo, kandokando. Na hali hiyo haikubadilika upesi. Iliendelea mamilioni ya miaka, mpaka yalipotokea maafa mengine ya volkano miaka milioni 201 iliyopita, wakati mabara yalipoanza kupasuka na Atlantiki kuanza kufunguka. Wengi wa ukoo wa mamba wakaangamia. Dinosaria wakapona, na hapo ndipo enzi yao iliposimama imara. Hawakushinda kwa kuwa walikuwa wakubwa. Ukubwa ulikuja baadaye.

Wasikilizaji wapenzi, tufike katika jambo la tatu: tumeyajuaje haya, na sisi yanatuhusu vipi?

Mwaka 1933 alifika Ruhuhu mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, Francis Rex Parrington. Alikusanya mifupa mingi, akaipeleka kwao. Miongoni mwa mifupa hiyo ilikuwamo ya Teleocrater na ya Nyasasaurus. Lakini hakuna aliyejua wakati ule kuwa ni nini. Miaka ya 1950 mwanafunzi wake, Alan Charig, aliichunguza kwa ajili ya shahada yake ya uzamivu, na yeye ndiye aliyeyabuni majina hayo mawili. Hata hivyo hakuyachapisha rasmi kama sayansi inavyodai. Charig aliendelea kufanya kazi katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, akafariki mwaka 1997, mifupa ikiwa bado inasubiri.

Kwa nini ilisubiri? Kwa upande wa Teleocrater, sababu moja ni kwamba vipande muhimu vilikosekana. Kimojawapo ni mfupa wa kifundo cha mguu, na katika elimu hii kifundo ni shahidi mkubwa. Jinsi mifupa ya kifundo inavyokutana na kuzunguka hutofautisha ukoo wa mamba na ukoo wa dinosaria na ndege. Bila kifundo, huwezi kusema kwa hakika mnyama huyu ni wa upande upi.

Kuanzia mwaka 2007, timu iliyoongozwa na Christian Sidor wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, ilirudi Ruhuhu kutafuta upya. Ndipo alipopatikana Asilisaurus, na si mmoja: mifupa ya wanyama wasiopungua 14 ilikuwa imelundikana mahali pamoja. Mwaka 2015, karibu na pale Parrington alipokusanya mifupa yake, timu ikakuta mifupa mingine ya Teleocrater. Safari hii kifundo kilikuwamo.

Nacho kilisema nini? Kilisema jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Shingo, fuvu na misuli ya mguu vinamweka Teleocrater upande wa dinosaria na ndege. Lakini kifundo chake kinazunguka kama cha mamba. Kumbe kifundo kile tulichodhani ni cha ukoo wa mamba peke yao ndicho cha kale zaidi, walichokuwa nacho wote, na dinosaria walikibadilisha baadaye. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2017, miaka 84 baada ya Parrington. Watafiti waliliweka jina la marehemu Charig miongoni mwa waandishi, na yale majina aliyoyabuni wakayaacha kama alivyoyataka. Huo ni uungwana katika elimu, na unastahili kusifiwa.

Fikirini, wasikilizaji. Mfupa mmoja mdogo, ambao mpita njia angeupiga teke, ndio uliobadilisha maelezo ya asili ya kundi zima la wanyama. Ungekuwa umevunjwa, au umezikwa chini ya kifusi cha barabara, tungekuwa bado tunakisia.

Kwa hiyo, hili linatuhusu vipi?

Linatuhusu kwanza kwa sababu mifupa hiyo ni yetu, na mingine bado iko ardhini. Mvua ya kila mwaka inaosha korongo na kuifunua mipya, na ikikaa juani na mvuani inasagika na kupotea. Ndugu mkulima, ndugu mchungaji, nawe kijana unayechimba mchanga au unayefanya kazi kwenye barabara na migodi ya kusini: ukiona jiwe lenye umbo la pingili, la taya au la jino, na ndani yake lina vitundu vidogo vidogo kama vya mfupa, usilivunje na usiliuze. Mahali lilipolala ni sehemu ya ushahidi wake, na likihamishwa ushahidi huo umepotea. Litie alama, kisha toa taarifa kwa ofisi ya kijiji, ili ifike wilayani na kwa wataalamu wa mambo ya kale.

Linatuhusu pia kwa sababu ya watoto wetu. Mifupa ya Asilisaurus iliyotumika kumpa jina imesajiliwa katika Makumbusho ya Taifa la Tanzania. Hilo ni tofauti kubwa na zama za Tendaguru na za Parrington. Lakini waulize wanafunzi wa Ludewa au Songea kama wamewahi kusikia jina hilo. Wengi watakutajia dinosaria wa filamu za Marekani kabla ya kumtaja aliyetembea chini ya shule yao. Walimu, nawaombeni sana: somo la mageuko mnalifundisha, mifano mnayo, na mifano hiyo iko wilayani kwenu. Anzeni na Ruhuhu.

Na vyuo vyetu navyo vina deni. Parrington aliokota, Charig akasoma, Sidor na wenzake wakarudi. Anayekuja baada yao, atakayegundua mnyama ambaye bado hatujui jina lake, kwa nini asiwe kijana aliyezaliwa Manda au Lituhi, anayeijua njia ya kila korongo? Elimu ya visukuku inahitaji macho yaliyozoea ardhi, na macho hayo tunayo. Kinachohitajika ni karo, ni maabara, na mwalimu wa kuwashika mkono. Serikali, vyuo na wenye uwezo wakiliamua hilo, linawezekana.

Nifunge kwa kuyakusanya niliyosema. Dinosaria walianza wakiwa wadogo, wachache, wakiishi pembeni mwa wakubwa wengine. Ushahidi wa mwanzo huo unatoka kwa kiasi kikubwa katika miamba ya Manda, bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania. Na ushahidi huo haujaisha kusomwa: sehemu iko kwenye makabati ya makumbusho, sehemu iko chini ya miguu yetu. Tuulinde, tuusome, tuufundishe.

 Mwenye swali au maoni, hasa ninyi mnaoishi kando ya Ruhuhu, tuandikieni, tutayasoma katika kipindi kijacho.